Majina ya Kutokuwepo Kazini

Gitega, Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimekasirika, na kwa kuwa ofisini hakuna wa kumwambia, naandika.

Asubuhi Doña Rosario, mkurugenzi wetu, ameniwekea mezani kanuni za wafanyakazi kwa Kihispania, akataka niziweke kwa Kiingereza kabla mwezi haujaisha. Zamani fedha za shirika zilitoka Hispania moja kwa moja. Sasa zinapitia ofisi ya Nairobi, na Nairobi wanataka kila kitu kwa Kiingereza. Rosario anajua Kihispania na Kifaransa. Adriano, afisa utawala, anajua Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, na Kiingereza chake ni kile anachokipata kwenye simu. Anayebaki ni mimi, niliyesoma Kiingereza kambini Tanzania, na Kihispania nikafundishwa na Rosario mwenyewe, jioni, miaka ile nilipokuwa mpokea wageni tu. Wema huo siusahau, na yeye pia haachi nisahau.

"Nisikione Kiingereza cha kamusi," akaniambia. "Kiwe kile wanachosema wenyewe."

Haya. Sura ya kwanza yote inahusu kutokuwepo kazini. Sijapata kuona watu wenye majina mengi ya kutokuwepo kazini kama Wahispania. Vacaciones, likizo, nayo daima iko kwa wingi, kana kwamba likizo moja ingeona upweke. Permiso, ruhusa ya siku chache. Excedencia. Baja. Halafu puente, yaani daraja: sikukuu ikiangukia Alhamisi, unajenga daraja juu ya Ijumaa na kuvuka mpaka Jumamosi bila kukanyaga ofisi. Kiingereza hakina daraja hilo. Nimehangaika nalo mpaka chai ikapoa, mwishowe nikaandika kwamba mtu anachukua Ijumaa ili apate "a long weekend". Maana imefika lakini utamu umebaki Hispania.

Mafundi wetu wako Muyinga. Wanashona mikoba ya kitenge inayouzwa huko huko Hispania, na wengi wao ni wanawake wa mtaa wa Waislamu pale mjini. Wao wakitaka kutokuja kazini wana neno moja tu, ruhusa, nalo linaombwa kwa mikono iliyokunjwa. Mimi ndiye ninayewasomea makaratasi, kwa hiyo najua. Kanuni hizi zina umri wa miaka minane na hakuna aliyewahi kuwasomea sura ya kwanza.

Alhamisi, 13 Juni

Leo asuntos propios. Mambo yako binafsi. Siku kadhaa kila mwaka mtu anakaa nyumbani na mwajiri hana haki ya kumuuliza kwa nini. Kwa Kiingereza cha watu ni "a personal day". Mwaka jana fundi mmoja wa Muyinga alikwenda kumzika shangazi yake, akarudi, akaulizwa cheti cha kifo. Cheti cha shangazi!

Nimemuuliza Rosario kama siku hizi ni za mafundi pia. Kasema kimaandishi ndiyo.

Jumapili, 16 Juni

Idd. Rosario kasema pole kwao mafundi, mwaka huu imeangukia Jumapili, hakuna daraja. Alidhani anachekesha.

Muyinga, Jumanne, 25 Juni

Nimeletwa na gari la shirika kuja kuwaeleza mafundi kanuni. Si kwa sababu mtu amewahurumia. Nairobi wameuliza kama wafanyakazi wanazijua. Vumbi la barabara ya Karusi limenijaa hata masikioni.

Mzee Hamadi, mkuu wa atelye, yaani karakana ya kushonea, alinisikiliza mkono shavuni. Nilipomaliza ukurasa wa siku za mambo binafsi akavua miwani.

"Binti yangu, hii karatasi inasema mutu anaweza kubaki kwake bila kusema sababu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na ule aliandika, iko na akili nzuri?"

Mafundi wakacheka mpaka mguu wa mtu ukakanyaga pedali na cherehani ikaanza kwenda peke yake. Nilicheka nao. Baadaye nikakasirika upya, maana kicheko chao kilikuwa cha watu walioambiwa kwamba mbinguni kuna ugali.

Kisha Yasmina akanivuta pembeni. Ninamfahamu siku nyingi: mshonaji wa karibu na dirisha, anayemaliza pembe za mkoba bila kuupindisha. Mimba yake imekuwa kubwa na miguu imevimba, amevaa kandambili za mumewe.

"Dada Martha, viatu vyangu vyote vimenikataa. Muganga wa hospitali amesema nilale mpaka mutoto atoke. Siku zote, nilale tu. Bon, nitalala. Lakini nikilala, mashine yangu iko ya nani?"

"Ni yako."

"We unasema, ama karatasi inasema?"

"Karatasi inasema. Utapumzika, utajifungua, utanyonyesha, utarudi ukae papa hapa."

Nikampigia Rosario mbele yake ili tusitoke hapo na maneno ya hewani. Rosario akajibu bila kusita kwamba ndiyo: "Claro, mujer, está de baja." Baja kwa Kihispania ni chini, lakini mfanyakazi akiwa de baja ni mgonjwa aliyeruhusiwa kubaki nyumbani na kazi yake inamngoja. Nikamfafanulia Yasmina. Akalirudia, "baja, baja," akalipenda. Akafunika cherehani yake kwa kipande cha kitenge, akakifunga kwa fundo pale kwenye gurudumu, kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni. Akaenda nyumbani polepole, Mzee Hamadi akimsindikiza mpaka barabarani.

Gitega, Ijumaa, 28 Juni

Ripoti ya kwenda Nairobi. Kwenye mstari wa Yasmina, Rosario kaandika neno moja tu, baja. Mimi nikaweka "off sick, then maternity leave". Hivyo ndivyo wanavyosema wenyewe. Nimempa Adriano aichape.

Jumatatu, 1 Julai

Uhuru. Baridi kali asubuhi, gwaride refu, maafisa wote wamevaa tai. Adriano alipita na suti ya harusi yake.

Jumatano, 10 Julai

Hakuna esansi, petroli imeisha mji mzima. Nimetembea kwenda na kurudi.

Alhamisi, 18 Julai

Naandika haraka, mwandiko huu hautasomeka.

Yasmina amepiga simu akiwa amelala kitandani kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Jirani amemwambia kwamba kwenye cherehani yake amekaa msichana anaitwa Raissa, na si wa kushikilia nafasi, ameajiriwa kabisa. Kile kitenge alichokifunga kimetumika kufutia mafuta.

"We ulisema karatasi inasema," akaniambia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona.

Nikamwendea Adriano. Nilidhani nitakuta njama: Raissa ni mpwa wake, ni jirani yake, ni mtu wake. Niliingia nimejiandaa kwa njama. Akanifungulia ripoti kwenye kompyuta bila wasiwasi wowote, hata kwa fahari, na pale kwenye mstari wa Yasmina maneno yangu hayakuwepo. Palikuwa na neno moja: "discharged".

Nikamuuliza nani kaandika hivi.

"Mi mwenyewe. Bon, we Mtanzania, tulia nikueleze. Ile yako, off, iko neno ya taa. Unazima taa, iko off. Ripoti inasomwa na watu wakubwa, donc nikatafuta neno ya heshima. Simu ikanipa hii. Kwa Kifaransa tuko na décharger, kushusha muzigo. Mama iko na mimba, amebeba muzigo, tunamushusha, anapumuzika. Hata hospitali mutu akipona akitoka, si wanasema discharged? Kosa iko wapi?"

Kosa iko wapi! Nikamwambia kwa Kiingereza ofisi ikimwandika mtu hivyo imemfukuza. Nairobi walisoma kwamba tumemfukuza, wakajibu kwa adabu tujaze nafasi iliyo wazi, na yeye kwa adabu akaijaza. Kila mtu alikuwa na adabu. Mwanamke amelala ubavu miguu ikiwa juu ya mto, anaogopa hata kugeuka asije akamuumiza mtoto, na watu wenye adabu wamempokonya kiti.

Adriano akaangalia skrini. Akaangalia mikono yake. Kisha akasema labda Kiingereza cha Nairobi kiko tofauti na kile cha hospitali.

Nilimwita mjinga. Nilisema kwa Kirundi ili kila mtu korido nzima aelewe. Sijutii.

Ijumaa, 19 Julai

Rosario yuko Bujumbura mpaka Jumatatu. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimekwenda nayo sokoni. Muuza nyanya kaniuliza nani kafa.

Jumatatu, 22 Julai

Amerudi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alishika kichwa: ¡qué barbaridad!, balaa gani hili, masikini Yasmina, na huyu Adriano jamani. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikamwambia nimeshaandika barua ya kusahihisha, mistari minne tu, kinachotakiwa ni saini yake ipelekwe leo.

Akaisoma. Akaiweka chini.

"Tukiandika hivi, Nairobi watauliza nani alisaini ripoti. Nilisaini mimi. Na huu ndio mwezi wanaoamua fedha za mwaka kesho." Akanigusa mkono. "Nasafiri tarehe thelathini na moja. Lo vemos a la vuelta."

Tutaliona nikirudi. Nalijua neno hilo, alinifundisha mwenyewe. Nikamuuliza atarudi lini. Septemba. Nikamwambia mtoto hatangoja Septemba. Akasema hasa, Yasmina si yuko nyumbani hata hivyo? Kiti chenyewe hakihitaji sasa hivi. Na nisiandike chochote Nairobi mpaka arudi, barua zote za huko ni za mkurugenzi.

Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu. Siku zote nilimwona Adriano kuwa ukuta na Rosario kuwa mlango. Adriano alikosea kwa sababu hakujua. Huyu anajua neno baja tangu tumboni mwa mama yake.

Nimerudi mezani sikuandika Nairobi. Naliandika hilo hapa ili nilione: nilikatazwa nikatii.

Jumanne, 30 Julai

Rosario kaniomba kazi ndogo kabla hajaondoka: nimtafsirie lile jibu la barua pepe linalojituma lenyewe, kwamba yuko de vacaciones mpaka Septemba, liwe kwa Kiingereza kizuri. Nimelitafsiri. Kiingereza kizuri sana.

Jumatatu, 5 Agosti

Vumbi. Yasmina hapokei simu.

Ijumaa, 9 Agosti

Vumbi. Foleni ya esansi imefika mpaka kanisani. Yasmina hapokei.

Jumatano, 14 Agosti

Kesho Kupalizwa Bikira Maria, imeangukia Alhamisi. Mchana Adriano katangaza kwamba na Ijumaa ofisi itafungwa. Daraja! Kumbe hili wamelijua bila mkalimani.

Baada ya watu kuondoka akabaki mlangoni mwa chumba changu. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Amekonda.

"Martha, mi nimeandika barua ya Nairobi mara nyingi. Ninaandika, ninafuta. Nikisema sikujua ile neno, watauliza, basi ripoti zingine nani aliandika? Na mimi watanishusha muzigo. Unanielewa?"

Nikamwambia namwelewa. Nikamwambia pia kwamba kuelewa hakumsaidii Yasmina. Akaitikia kwa kichwa, akazima taa ya korido, akaenda. Hakuna njama. Ni mtu mzima anayeogopa kuonekana hajui, basi, na ninamkasirikia kwa namna nyingine sasa, kama ninavyomkasirikia kaka yangu.

Bugendana, Ijumaa, 16 Agosti

Nimekuja kwa baba, nusu ya njia kwa miguu. Mzee Venansi alikuwa anatandaza mihogo juani. Nikamweleza kisa chote tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Yeye kakulia Tanzania kama mimi, Kiswahili chake bado ni cha kule.

"Huyo mkubwa wenu wa Nairobi ni mtu gani?"

"Anaitwa Bwana Mutiso."

"Ni Mzungu?"

"Hapana, Baba, Mkenya. Lakini mambo yake yote ni Kiingereza."

"Ana mke?"

"Sijui."

"Wewe unamwandikia mtu tangu mwaka jana, hujui hata kama ana mke." Akaendelea kugeuza mihogo. Alinichosha. Wazee wakikosa la kusema wanauliza habari za wake za watu.

Gitega, Jumanne, 20 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Mahmudu, mume wa Yasmina: mtoto wa kike, salama, anaitwa Shakila. Chini yake ameandika, "Mama yake anauliza kama bado iko baja."

Nimejibu hongera. Mengine sikuweza.

Jumanne, 3 Septemba

Rosario karudi, ngozi imeiva, kaniletea chokoleti. Joto la leo limeiyeyusha mezani kabla sijaigusa.

Alhamisi, 5 Septemba

Ana suluhisho. Amelipata pwani huko, kasema hivyo hivyo, amekaa kwenye kiti cha kitambaa akaona njia. Neno lenyewe ni excedencia voluntaria. Mfanyakazi anaomba mwenyewe, kwa hiari, kuacha kazi kwa muda bila malipo. Yasmina atasaini kwamba aliomba hivyo mwezi Juni. Ripoti haitakuwa na kosa, Adriano hatakuwa na kosa, saini ya Rosario haitakuwa na kosa. "Así queda limpio." Panabaki safi.

"Na akitaka kurudi?"

"Ataomba. Pakiwa na nafasi, kwa nini isiwezekane?"

"Hakuomba kuondoka."

"Martha, ni neno tu."

Ni neno tu! Mwanamke huyu alinifundisha kwamba permiso na vacaciones ni vitu viwili, akanipigia meza kwa penseli nilipovichanganya. Kwa miezi mitatu nimechambua maneno yake kama mchele, hili si lile, lile halisemwi hivi. Sasa kwa sababu ni kiti cha mshonaji wa Muyinga, ni neno tu.

Anataka niliweke kwa Kiingereza kwa ajili ya Nairobi, na kwa Kiswahili kwa ajili ya Yasmina. Kiswahili kiwe chepesi, kasema, kisimtishe.

Nimeandika Kiingereza: "voluntary unpaid leave, at her own request". Kiko sawa, hakina doa. Kiswahili chake sijakiandika. Nimemwambia nitamwambia kwa mdomo.

Muyinga, Alhamisi, 12 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa kichwa changu hakina mpangilio.

Tulifika Rosario, Adriano na mimi. Yasmina alikuwa ameitwa, akaja na mtoto mgongoni, kavaa mtandio wa sikukuu. Mafundi wote walikuwa kwenye cherehani zao na hakuna aliyekuwa anashona. Raissa yuko dirishani, msichana mwembamba, macho mekundu.

"Mi niliambiwa mashine haina mutu," akanong'ona nilipopita. Nikamwambia najua.

Rosario akamkumbatia Yasmina, akamsifia mtoto, akatoa karatasi na kalamu. Akanipa ishara.

Nikasema, "Yasmina, karatasi hii inasema kwamba mwezi wa sita uliomba mwenyewe kuacha kazi bila mshahara, hakuna aliyekuondoa. Ukisaini, siku ukitaka kurudi utaomba upya kama mgeni, na wao wanaweza kukataa."

Adriano akakohoa. Anaelewa Kiswahili, akageukia ukutani.

Yasmina akamshusha mtoto, akampakata. "Donc wananifukuza, halafu mi ndo niseme nilijifukuza?"

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

Nikamgeukia Rosario, nikamuuliza kwa Kihispania. Akasema akikataa hakuna cha kufanya, Nairobi hawatakubali njia nyingine yoyote, huko mambo ni magumu, ni watu wa utaratibu. Aliyasema kwa upole mkubwa.

Sijui ni upole huo au nini. Nilichukua simu yangu nikampigia Bwana Mutiso. Namba yake iko chini ya kila barua anayotuandikia, na kwa miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipiga, maana Rosario na Adriano wanaogopa Kiingereza cha mdomo na mimi nilikatazwa. Rosario akasema, "¿Qué haces?" Unafanya nini? Simu ikaita.

Akapokea. Nikaanza na Kiingereza changu cha salamu, jina langu, ninatokea wapi. Katikati ya sentensi nikamsikia akimwambia mtu huko kwake, "Weka hapo chini, bwana! Hapo hapo. Eeh, na ufunge mlango."

Sentensi yangu nikaiacha hapo hapo.

"Hello? Madam?"

"Bwana Mutiso," nikasema, "wewe unaongea Kiswahili?"

"Sasa mimi mtu wa Machakos niongee nini?" Akacheka. "Kwani nyinyi mnaongea Kiswahili huko? Na mwaka mzima tunaandikiana Kiingereza kama mabalozi!"

Kihispania kimepanda kwenye Kifaransa, Kifaransa kimeteleza kwenye Kiingereza, mwanamke amepoteza kiti njiani, na huku mwisho wa safari amekaa mtu ambaye Yasmina angeweza kumpigia mwenyewe akiwa kitandani.

Nikaweka sauti ya juu, wote wasikie, nikamuuliza kama anakumbuka jina la Yasmina.

"Yule aliyeiba?"

Atelye nzima ikaguna. Nikamuuliza nani kamwambia kaiba.

"Hakuna aliyeniambia. Lakini mtu hafukuzwi hivi hivi katikati ya mwaka, ameandikwa neno moja kavu. Nikajua ni wizi, mnaona haya kusema."

Nikampa Yasmina simu. Akaishika mbali na sikio, kama inachoma, na sauti yake ikaanza chini ikapanda.

"Bwana, mi ndo Yasmina. Mi sikuiba. Mi sikukufa. Mi nilizaa. Muganga alisema nilale, nikalala, nikauliza mashine yangu iko ya nani, wakaniambia iko yako. Sasa nimekuja na mutoto wangu, wananipa karatasi niseme nilikimbia kazi. Hii miezi yote watu wa mutaa wananiangalia, kumbe ni juu wanafikiri mi ni mwizi? Niambie we mwenyewe, kuzaa iko kosa gani?"

Tulimsikia Bwana Mutiso akifunga mlango huko kwake.

"Mama," akasema, "mtoto ni msichana ama kijana?"

"Musichana."

"Usisaini kitu. Maliza siku zako za uzazi, halafu rudi kwa mashine yako. Mimi naandika leo. Sasa nipe huyo aliyesema umefukuzwa."

Macho yote yakaenda kwa Adriano. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nilijua angeweza kuninyooshea mimi kidole, au Rosario. Akachukua simu. "Ni mimi, Bwana. Adriano. Ile neno sikuijua. Niliogopa kusema." Akaendelea kusikiliza, akiitikia "ndiyo, ndiyo," na kadiri alivyoitikia ndivyo mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetua kitu.

Wakati wote huo Rosario alikuwa amesimama katikati yetu, akigeuza shingo huku na huku kufuata sauti. Haelewi Kiswahili hata neno. Mara tatu aliniuliza, "¿Qué dice? Martha, ¿qué dice?" Anasema nini? Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa. Sikumtafsiria.

Raissa atahamia meza ya kukata vitambaa Yasmina akirudi. Mzee Hamadi kasema mkasi wa pili upo. Raissa aliposikia hivyo alilia, naye Yasmina akampa mtoto amshike ili anyamaze. Ikawa wanalia wote wawili, Raissa na mtoto.

Gitega, Jumatatu, 16 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku, korido imejaa tope la viatu.

Barua ya Bwana Mutiso imekuja, fupi, nakala kwa sote. Adriano kapewa onyo na ameambiwa asome Kiingereza. Kaniomba nimfundishe, nimekubali, kwa masharti. Kuhusu saini ya Rosario hakuna lolote lililoandikwa. Wakubwa wanasahihishana kwa simu.

Saa nne Rosario kaniita. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo amevaa koti juu yake. Kasema nimefanya kazi nyingi msimu huu. Kasema anaona nimechoka.

"Tómate unos días, hija."

Chukua siku kadhaa, binti. Nikamuuliza ngapi.

"Unos días," akasema tena, akitabasamu.

Nikamwambia siumwi. Sijafiwa na sina mimba. Sikukuu hakuna, sikuomba likizo, wala sina mambo binafsi. Nikamwambia anipe jina la siku hizo, lile lililoandikwa kwenye kanuni zake, nami nitakwenda leo leo. Nilimngojea, kwa heshima zote, mikono nimeikunja mbele kama wanavyoikunja wa Muyinga. Mwishowe akasema nirudi kazini kwanza, tutazungumza.

Nimerudi mezani kwangu. Nimezitoa tena kanuni zote, zile za Kihispania, nimeanza kuziandika kwa Kiswahili ili kila fundi awe na nakala yake. Hakuna aliyeniagiza. Sikuanzia mwanzo. Nimeanza na sura ya kufukuzwa, maana hiyo nitaihitaji kabla ya wengine.